Cuthbert Mchopa, Muuza Pikipiki Aliyeomba Pingamizi

Padre Gerson, wazee wa kanisa, masheikh mliotoka Chiungutwa, viongozi wa kata, wakwe zetu wa Newala, na nyinyi watani ambao tangu asubuhi mnazunguka na tai za marehemu shingoni bila kumwomba mtu ruhusa, poleni nyote na msiba, na ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja. Familia imenikabidhi mimi Stella, mpwa wa marehemu, kazi ya kusoma maisha yake, kwanza kwa sababu kwetu mpwa ndiye mwenye mjomba, na pili kwa sababu watani walishaomba waisome wao, tukaona hapana, tutaaibika. Marehemu mwenyewe, alipokuwa bado na nguvu za kuamrisha watu kutoka kitandani, alisema atakayesoma asimfanye malaika, maana wanaomjua watacheka, basi tutajitahidi tusimfanye malaika, na kazi hiyo si ngumu.

Marehemu Cuthbert Bartholomayo Mchopa alizaliwa hapa Lulindi tarehe 14 Agosti 1957, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bartholomayo, aliyekuwa katekista, na Bibi Agnes, mkulima, akabatizwa katika kanisa hili hili, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba watoto wengine wakimwagiwa maji hulia, huyu alipiga kelele za kujibizana na padre. Alisoma shule ya msingi hapa Lulindi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari Chidya mpaka mwaka 1975, na walimu wake wote, waliompenda na waliomchoka, waliandika jambo moja, kwamba kijana ana akili ila anaongea mno. Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la korosho kule Lupaso, akakaa huko miaka kumi na miwili akipima magunia na kuwachekesha wakulima ili foleni isiwaume, halafu mwaka 1988 akaacha kazi, akafungua duka la baiskeli Masasi mjini, na hapo ndipo ule mdomo aliolalamikiwa shuleni ulipoanza kumlisha.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 1983, alifunga ndoa takatifu na Yuster, binti wa Newala, ambaye tunaye hapa mbele yetu, Mama Trevor, pole sana Mama. Mungu aliwajalia watoto watatu, Trevor, Isabela na Pendo, pamoja na wajukuu saba, na Mama Trevor ametuomba tuseme wazi kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumaliza sentensi bila mumewe kuimalizia, lakini angekubali kukatizwa tena leo hii, hata mara moja tu.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi mmekaa mkalisubiri, nalo ni la pikipiki. Mwaka 2009 marehemu alipata uwakala wa kuuza pikipiki za kampuni moja ya Dar es Salaam, hatutaitaja hapa kwa kuwa tuko kanisani, na uwakala ule aliupenda kama mtoto wa nne, akajenga duka la vioo, akaanza kuvaa tai hata siku za jua kali. Hakuwa akisema ameuza pikipiki, alisema ameozesha, mnunuzi akawa mkwe wake, na kila mkwe aliambiwa kwamba huyu binti anatoka nyumba nzuri, mimi Cuthbert ndiye baba yake, akikusumbua usimpige, mrudishe kwangu tuzungumze. Watu walicheka, wakanunua, na kuanzia hapa mpaka Newala ilikuwa shida kukuta kijiji kisicho na mkwe wa Mjomba Cuthbert.

Mwisho wa mwaka 2013 kampuni ikaleta pikipiki mpya iliyoitwa Tandala, nyekundu, yenye sauti tamu, nayo ikanunuliwa kwa fujo, lakini ilikuwa na ugonjwa uliofichika, kwamba ukikata kona ya kushoto kwa nguvu waya wa mafuta unang'ang'ania ndani ya usukani, ukiachia mkono pikipiki haikusikii, inazidi kukimbia, na kabla hujakumbuka kubana klachi umeshafika mahali ambapo hukukusudia kwenda. Mwezi Juni mwaka 2014 Lukmani, kijana wa boda wa Chiungutwa, alikuwa amempakia Padre Gerson kumleta Lulindi, wakafika kwenye kona, Tandala ikakataa kona, ikaingia katika shamba la mihogo la Bibi Shakila, Lukmani akavunjika mtulinga, na Padre, kama anavyotikisa kichwa pale kukubali, akajikuta ameketi katikati ya mihogo akiwa na kanzu yake na yule kuku aliyepewa na waumini, mzima kabisa, kuku na Padre wote wawili.

Padre aliona vibaya kusema, akanyamaza, na watu wakajisemea yao, kwamba Lukmani alikuwa amekunywa uraka, ile pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho yanayoanguka mwisho wa mwaka, akina mama wakakataa kupanda boda yake, na hata posa aliyokuwa ameipeleka ikaanza kuyumba. Marehemu naye, tuseme ukweli kwa sababu alitaka tuuseme, alimwendea kijana pale alipolala na mkono umefungwa shingoni, akamhubiria habari za uangalifu barabarani, na mama yake Lukmani akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Shikamoo, Baba Trevor, nimekusikia, lakini huo uraka wa mwezi wa sita ameutoa wapi, mabibo yameanguka kwenu tu?" Mjomba akaaga, akarudi nyumbani, akalala kabla ya magharibi, na Mama Trevor akadhani ana homa.

Alipiga simu kwa kampuni, akajibiwa na msimamizi wa mauzo wa kanda, Bwana Shamte, kwamba huo ni uzembe wa dereva, barabara zenu mbovu, Tandala haina kasoro, na wakala mwenye kuongea ovyo anaweza kujikuta si wakala. Mjomba akajituliza na maneno yale kwa majuma kadhaa, mpaka siku alipokwenda Newala kumwamkia mama mkwe, akiwa amempakia mke wake kwenye Tandala ya duka, na walipokuwa wanarudi, kwenye ule mteremko wa kushuka kutoka Newala ambako upande mmoja ni mwamba na upande mwingine ni hewa tupu, wakakata kona ya kushoto, mashine ikanguruma, Mjomba akaachia mkono, mashine ikazidi. Mama Trevor ndiye aliyewaokoa, alinyoosha mkono kupitia kwapani kwa mumewe, akachomoa ufunguo, pikipiki ikafa, na ilipotulia pembeni alimwambia kwa upole, "Baba Trevor, huyu binti yako ana kichaa." Waliisukuma kwa miguu mteremko wote.

Hapo alijua kila kitu, na kujua huko kulimuumiza, maana akisema, uwakala umekwenda, na lile duka la vioo, na zile tai, na akinyamaza, kuna mtu atatoka kwenye ule mteremko akiwa amefunikwa shuka, na mtu huyo atakuwa mkwe wake, aliyemwozesha yeye kwa mdomo wake. Alianza kuwapitia wakwe mmoja mmoja awaulize, na hapo akakutana na adabu zetu sisi watu wa huku, kwa sababu kila aliyemuuliza alimkaribisha kiti, akamwamkia, akamjibu kwamba pikipiki ni nzuri sana, Baba Trevor, tunashukuru, ilhali ana kovu mpaka kwenye goti. Wengine waliona haya kumkosea mzee, wengine waliogopa wasije wakaitwa walevi kama Lukmani, basi Bwana Shamte angekuja akawauliza, angeambiwa vilevile, na angeondoka amefurahi.

Ni wapi basi ambapo mtu wa Lulindi analazimika kusema ubaya wa kitu mbele ya mwenyewe bila kuonekana mkosefu wa adabu? Marehemu alikuwa mzee wa kanisa, na kazi yake ilikuwa kusoma matangazo baada ya ibada, yakiwemo matangazo ya ndoa, ambayo kama mnavyojua husomwa Jumapili tatu, na mwenye kujua kizuizi lazima aseme, asiposema dhambi ni yake. Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2014 alitangaza ndoa za watu, akamaliza, akakaza tai, akaendelea kwa sauti ile ile, "Vilevile mimi Cuthbert nimewaozesha watu wa vijiji hivi pikipiki iitwayo Tandala, mtu yeyote mwenye kujua sababu ya haki ya kuzuia muungano huu, aseme sasa, na hii ni mara ya kwanza." Kanisa likalipuka kwa kicheko, kisha kila mtu akaangalia miguu yake, na tulidhani Padre atamkemea, kumbe Padre alisimama pale madhabahuni, akakohoa, akasema, "Mimi ninalo pingamizi. Nilitua kwenye mihogo, na dereva hakuwa amelewa." Loo! Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia watu, waliinuka mmoja baada ya mwingine, huyu aliingia kisimani, yule alibomoa banda la jirani, mwingine alipandisha suruali akaonyesha goti, na wote walisema kona ya kushoto.

Jumapili ya pili walikuja watu wa Newala ambao hawajawahi kusali hapa, na Waislamu wa Chiungutwa wakasimama madirishani na mlangoni, wakapiga hodi kwa heshima, na Lukmani alipopewa nafasi alisema pingamizi lake pale kizingitini, akilia bila kujificha, na mama yake akiwa nyuma yake. Habari zikafika kunakohusika, na Jumapili ya tatu, tarehe 21, Bwana Shamte mwenyewe alikuja na gari jeupe, akaketishwa benchi la mbele, akasikiliza, akaomba kusema, akasema kampuni inasikitika, ila dereva makini hawezi kupata shida na Tandala. Mama Trevor aliinuka upande wa akina mama, akatembea mpaka mbele, akatoa ufunguo katika pindo la kitenge, akamwambia, "Baba, karibu sana Lulindi. Pikipiki ipo nje, panda nayo Newala, ushuke nayo, ila mimi sitakuwepo nyuma yako wa kukuchomolea." Bwana Shamte aliutazama ule ufunguo, kanisa zima likiutazama mkono wake, na mkono haukuinuka. Alitoka nje akapiga simu, na sote tuliokuwa dirishani tulimsikia akisema, hapana bosi, na mimi siipandi.

Kabla mwaka haujaisha kampuni ilitangaza redioni kwamba Tandala zote nchini zirudishwe zikarekebishwe bure, mafundi wakaja wakapiga kambi uwanjani hapa wakabadilisha usukani na nyaya, na meneja mmoja alikwenda Chiungutwa akamwomba radhi Lukmani mbele ya msikiti, akalipia matibabu yake, na posa ikakubaliwa, na mke wa Lukmani ndiye yule pale aliyepika pilau mtakayokula. Marehemu hakuombwa radhi na mtu, alinyang'anywa uwakala mwezi Januari mwaka 2015, duka la vioo likaenda kwa mwingine, naye akarudi kuuza baiskeli, na siku chache aliumia, tusidanganye, alikaa kwenye ngazi ya nyumba akitazama barabara, lakini haikuchukua muda akaanza kuwaambia wateja kwamba baiskeli ni binti mtulivu, hana mdomo, na hata akikasirika hakimbii mwenyewe.

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa katika hospitali za Mkomaindo na Ndanda kwa nyakati tofauti, na miaka hiyo yote ni Lukmani aliyekuwa akimpeleka kliniki na kumrudisha, kwa Tandala ile ile iliyotengenezwa, polepole, mzee akimwelekeza kijana njia anayoijua kijana mwenyewe. Mwezi Mei mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa, akaendelea kuwatania wauguzi, na Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, alianza kumsimulia jambo, akapumzika katikati yake, na Mama Trevor anasema kwa mara ya kwanza alitakiwa yeye amalizie, akashindwa kwa machozi. Ameondoka akiwa na miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao tunaambiwa walikuwa wakipokezana kwenda kumsikiliza, majirani wa Lulindi kwa kuni, maji na mikeka, umoja wa akina mama, wafanyabiashara wenzake wa sokoni Masasi waliofunga maduka leo, vijana wa boda wa Chiungutwa waliobeba waombolezaji tangu jana bila kuchukua nauli, na Bwana Shamte, ambaye aliacha kazi ile zamani na leo ameketi kule nyuma, tumemwona, karibu sana Baba.

Ndugu zangu, tukitoka hapa tutapita katikati ya makaburi ya watu wetu, wapo waliokufa kwa malaria, wapo wa uzazi, wapo wa uzee, na kila mmoja wenu anajua wake yuko wapi. Mjomba Cuthbert aliuza Tandala katika vijiji hivi vyote, na hakuna hata kaburi moja, hapa kwetu wala kule kwa ndugu zetu Waislamu, lililochimbwa kwa ajili ya pikipiki aliyoiuza yeye. Wakwe zake wote wako hai, wamejaa nje hapo, na ndio watakaombeba.

Pumzika sasa, Mjomba, kwa amani, umesema vya kutosha.