Sanduku Nililolinyamazisha

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenifungua mdomo! Wengi hapa Karatu mnanijua kama fundi umeme wa hospitali. Leo nasimama kueleza jambo nililolificha miaka mitatu.

Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini dizeli ilikuwa shida, mnakumbuka. Jenereta ya hospitali iliwashwa saa chache tu, kisha betri zikashika kazi kupitia sanduku la kugeuza umeme wa betri uwe kama wa jenereta. Sanduku lile lilikuwa zito, la kubebwa na wanaume wawili, na lilivuma kutwa kama mzinga wa nyuki. Mimi nikajiona najua. Nilikuwa nimesoma kwamba umeme ukigeuzwa huku na huku haraka, maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma haihitaji kuwa kubwa. Nikang'oa vipuri vya redio ya upepo ya mawasiliano iliyokufa, nikajifungia karakana wiki nyingi. Sanduku la kwanza lilipiga mluzi wa kuumiza masikio. Nikaongeza kasi mpaka sikio la binadamu lisisikie kitu. Ndugu zangu, nilipata sanduku la ukubwa wa Biblia ya mimbarani! Nilitembea nalo kwapani nikiwaonyesha wageni.

Tuliliunga kwenye kitanda cha joto cha watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Waya wa joto ulipita chini ya kigodoro. Nesi Marselina, msimamizi wa wodi, mama wa Kiiraqw mwenye maneno machache, akaniuliza, "Fundi, lile la zamani likinyamaza nilijua limezimika. Hili nitajuaje?"

Nikacheka. Jibu nililijua: kengele ndogo ya kulia sanduku likizimika. Lakini kengele ingetaka nafasi, na sanduku lingenenepa. Nikamwambia kazi yangu haizimiki.

Mchana mmoja kazi hiyo ikazimika. Joto halikuwa na pa kutokea ndani ya udogo ule nilioupenda. Nesi alikuwa na wodi nzima na kina mama wawili wenye uchungu. Aliporudi kumgusa mtoto wa kitandani mle, alikuwa ameshapoa, hana uhai. Alikuwa binti wa mama mmoja mchuma kahawa kule Oldeani, hata jina alikuwa hajapewa.

Nililifungua sanduku peke yangu. Transista ilikuwa imeungua, harufu ikanipiga usoni. Nikarudisha skrubu zote. Daktari aliponiuliza, nilisema swichi ilikuwa imezimwa. Maneno hayo tu! Nesi Marselina akahamishiwa zahanati ya Enguserosambu, kule Loliondo, mbali na mumewe na shamba lake, nami nikapewa hongera na kuagizwa nitengeneze mengine.

Miaka mitatu, ndugu zangu! Kwenye kwaya niliimba, lakini kusali sikuweza. Nikifumba macho naziona skrubu zile.

Siku nilipomaliza sanduku jipya, nililiwasha nikaweka sikio. Kimya. Ndipo Bwana akanishika! Sikusikia sauti kutoka mbinguni, nilisikia swali la nesi tu. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya karakana, nikalia. Nilipoinuka nilikwenda kwa daktari nikasema yote, kisha nikapanda lori la mahindi lililokuwa likienda Loliondo.

Nilimkuta nesi Marselina nje ya zahanati akipima watoto uzito, kina mama wa Kimaasai wamepanga foleni. Nikamweleza palepale mbele yao. Alimaliza kumpima mtoto aliyekuwa naye, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akasema polepole, "Miaka yote hii namwomba Mungu anisamehe kwa kuizima ile swichi. Nilishaanza kuukumbuka mkono wangu ukiizima."

Alinisamehe, lakini si siku ile. Leo amerudi nyumbani kwake, na masanduku yangu ni makubwa tena, yana kengele. Namshukuru Yesu aliyenitoa kifungoni! Lakini kile nilichompandikiza mama yule moyoni, sijui kama kimetoka chote, na hilo linaniuma hadi sasa.

Ndugu yangu uliyekaa hapo, kama kuna jambo umelifungia skrubu, mwamini Bwana, lifungue leo, kabla mwenzako hajaanza kuuamini uongo wako. Na mama wa yule binti bado sijampata. Alihama Oldeani. Kama yupo anayemjua, namwomba anishike mkono tukitoka.