Indiketa, Dereva Aliyefungiwa Bila Kusikilizwa

Tunayemzika leo wengi mlimwita Indiketa, na mimi, binti yake wa kwanza, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Jina hilo alipachikwa na madereva wenzake kwa sababu aliwasha taa ya kukata kona hata alipoingia kwenye uwanja mtupu wa nyumba yake mwenyewe. Ukimuuliza anamwonyesha nani, alijibu kwamba anajizoeza. Wazee wa familia wameniomba nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho. Mama yake, bibi yetu aliyekaa hapa mbele, anasema alianza ubishi tangu tumboni, maana alitarajiwa Februari.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980, akaingia sekondari, akaacha akiwa kidato cha pili baada ya babu kufariki. Mwalimu wake wa hesabu alikuja nyumbani mara mbili kumwomba arudi. Hakurudi, lakini alisoma kila kilichoandikwa, mpaka yale maandishi madogo ya nyuma ya tiketi, na tabia hiyo ilikuja kuwakera wakubwa fulani.

Alipata leseni mwaka 1987, akaendesha gari la kusambaza mikate kwa miaka kumi na miwili. Mwaka 1999 alinunua teksi yake na kupata nafasi kijiweni, mbele ya lango la hospitali. Watoto wanne wa mji huu walizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma. Baba alipewa shukrani, mama akapewa kiti cha kuosha.

Huyo mama yetu, mshonaji wa sare za shule, alifunga naye ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1992. Baba alimpelekea suruali moja apunguze pindo, akairudisha mara nne akidai bado ndefu. Mara ya nne mama akamwambia, "Kaka, hii sasa ni kaptula. Sema kilichokuleta." Akasema.

Mwaka 2017 kampuni ya kuita gari kwa simu iliingia mjini. Abiria walifurahi, nasi tulifurahi, kwa kuwa mwanzoni nauli ilikuwa ya chini na madereva walipewa bakshishi. Kisha kijiwe cha hospitali kikaondolewa na nguzo za zege zikasimikwa. Magari yaliyokuwa yakisubiri mahali pamoja yakaanza kuzunguka mji mzima yakiwa matupu, yakingoja simu iite. Foleni mnayoilaani kila asubuhi ndimo baba alimoshinda. Alikopa gari jipya kwa sababu kampuni ililikataa la zamani, akatia saini mkataba uliomwita "mshirika". Aliposoma mara ya pili alivua miwani akasema, "Gari langu, mafuta yangu, mgongo wangu. Huyu mwenzangu kashiriki nini?" Makato yalianza kwenye sehemu moja ya tano ya nauli. Ndani ya miaka minne yalikaribia theluthi.

Madereva walimchagua awe katibu wao, na Machi 2022 wakakubaliana kuzima programu siku moja, wote kwa pamoja. Baba akawatumia ujumbe: "Kesho saa saba tunazima." Wenye umri wake walielewa saa saba ya mchana. Vijana, ambao simu zao huandika 7:00 jua likichomoza, walizima asubuhi, na ilipofika mchana wakawasha wakidhani wazee wamewasaliti. Magari hayakukosekana hata dakika moja. Kampuni ikatangaza kwamba huduma iliendelea kama kawaida, na safari hii haikusema uongo.

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alisema kosa ni lake, basi, akaanza kuzunguka kwenye vituo vya mafuta na sehemu za kuoshea magari, akizungumza na dereva mmoja mmoja, wiki saba. Jumatatu, tarehe 9 Mei 2022, wakazima kweli, kuanzia watoto wanapoingia shule. Barabara zilikuwa nyeupe, mkaona wenyewe foleni ilikuwa ya nani. Siku ya nne kampuni ilirudisha makato kwenye sehemu moja ya tano, kwa maandishi.

Mwezi uliofuata ikamfungia akaunti. Ujumbe ulisema amekiuka taratibu, bila kutaja zipi. Nilimsindikiza ofisini kwao, ghorofa ya tatu, kwenye kochi jeupe lisilokaliwa na mtu. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu.

"Mzee, malalamiko yanapokelewa ndani ya programu tu."

"Na programu mmenifungia."

"Ndiyo, mzee."

Nimejaribu kuliandika hilo kwa upole, nimeshindwa. Baba alishuka ngazi, akafungua shauri kwenye baraza la kazi, akidai jambo moja: dereva asifungiwe riziki kabla hajasikilizwa. Liliahirishwa mara sita.

Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua tangu 2021. Daktari alimuuliza kwa siku anakwenda haja ndogo mara ngapi, akajibu kwamba inategemea atapata wapi pa kuegesha. Daktari alidhani ni utani. Bima hakuwa nayo, kwa kuwa mshirika hakatiwi bima. Wenzake walimchangia na kumpeleka kusafishwa damu kwa zamu, mara mbili kwa wiki, na tunawashukuru sana. Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa mbili asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mama.

Shauri lake limepangwa kusikilizwa Jumatatu ijayo, tarehe 13. Jana kampuni ilituletea shada la maua. Jana hiyohiyo wakili wetu alipokea ombi lao kwa baraza, kwamba shauri lifutwe kwa sababu limebaki bila mwenyewe.

Wenyewe ni hawa. Ameacha mama mzazi, mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, ndugu wanne, na madereva mia nne na kumi na wawili waliotia saini leo asubuhi, kabla ya kubeba jeneza, kwamba dai la marehemu ni lao.

Baba apumzike kwa amani. Sisi tutapumzika tukishasikilizwa.