Kasuku, Aliyeaminiwa Akiigiza

Ndugu, majirani na marafiki, tunaomba utulivu wenu tusome maisha ya kijana wetu. Yalikuwa mafupi, lakini kuyasoma si rahisi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 2003, mtoto wa pili kati ya watatu wa baba fundi bomba na mama mpishi wa shule. Alianza kuongea mapema. Kabla hajatimiza miaka mitatu aliiga kikohozi cha bibi yake vizuri mno, hata bibi mwenyewe akamwita Kasuku. Jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akamaliza sekondari mwaka 2021. Walimu wanaikumbuka siku alipoiga sauti ya mwalimu mkuu na kuwatangazia wenzake kwamba vipindi vimekwisha. Darasa zima lilibeba mabegi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama dirishani, alimwambia, "Hebu rudia, na mimi niende nyumbani."

Kipaji hicho ndicho kilichompa kazi. Mwaka 2023 aliajiriwa na watafiti waliokuwa wakitathmini kama huduma za afya kwa vijana zinafanya kazi kwa pamoja: kijana aliyekuja na homa, akionekana ana msongo wa mawazo, je, anapelekwa kwa mshauri nasaha papo hapo, au anaambiwa arudi wiki ijayo aanze foleni upya? Kasuku alikuwa mteja wa majaribio. Aliingia kliniki na ugonjwa wa kutunga, akatoka na kueleza alivyopokelewa. Wahudumu wote walijua sharti moja: mteja wa majaribio akitambuliwa, asichomwe sindano wala kutolewa damu, kwa kuwa si mgonjwa.

Aliipenda kazi ile. Jioni moja alisema, "Mama, leo nimesimulia shida yangu kwa watu wanne, na wa tano kaniuliza nimekuja kufanya nini." Mama alicheka, yeye hakucheka. Alitaka kijana aseme mara moja tu, asikilizwe.

Hakujaaliwa kufunga ndoa. Mchumba wake, fundi wa simu, alitambulishwa kwa wazee mwezi Mei mwaka huu, na harusi ilikuwa ifungwe Desemba.

Mwezi Julai alianza kukonda na kuchoka. Alikunywa maji, kiu isiishe. Mama alimtania, "Baba, unakunywa kama gari lenye rejeta mbovu."

"Rejeta yenyewe ndiyo mimi," alijibu, akaenda kuchota mengine. Familia ilidhani ni uchovu wa kazi.

Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025 alikwenda kliniki ya vijana ya mtaani kwetu pamoja na mchumba wake. Muuguzi alimtambua mlangoni.

"Aa, Kasuku! Safari hii hutupati. Haya, leo unaumwa nini?"

"Dada, leo ni kweli. Nakojoa usiku kucha, miguu haina nguvu."

"Hata mwezi wa pili ulisema ni kweli, ukanitoa machozi ya bure."

"Mchumba wangu huyu hapa, muulize."

"Kumbe siku hizi mnakuja wawili wawili!"

Wahudumu walicheka, na yeye, kwa tabia yake, akacheka pia. Walimpokea vizuri kupita kiasi. Muuguzi alimshika mkono hadi kwa mshauri, mshauri akamfikisha kwa mtu wa lishe, bila foleni, bila kurudia maelezo. Yote aliyoyapigania kwa miaka miwili aliyapata asubuhi ile. Ila damu hawakumtoa. Tone moja la kidoleni lingeonyesha sukari. Walikuwa wanatii sharti.

Jumatano jioni alianza kutapika na kupumua kwa shida. Alifikishwa hospitali kuu akiwa hajitambui, na hapo ndipo kisukari kilipogundulika. Alifariki Alhamisi tarehe 7 Agosti, mama akiwa amemshika mguu.

Daktari aliuliza kwa nini hakupelekwa kupimwa mapema. Mchumba wake alijibu, "Tulimpeleka." 

Muuguzi yule yupo nasi hapa. Amekuja kila siku ya msiba, anaosha vyombo. Mama ameomba asisemwe vibaya. Watafiti nao wapo, na tunawaomba walitazame upya sharti lile, ingawa hatujui tuombe vipi. Wateja wenzake wa majaribio wameketi mstari wa nyuma. Nao ni watu, nao huumwa. Siku wakisema wanaumwa kweli, ni nani atakayewasadiki?

Kasuku ameacha baba, mama, kaka, mdogo wake wa kike, mchumba, na bibi, ambaye tumemweleza mara nyingi lakini bado anauliza kama mgonjwa amekula.

Apate pumziko kwa Mola wake. Sisi tuliobaki hatujui tutalipata wapi.