Karatasi ya Macho ya Tamima

Barazani kwa Nyange, pale Konde, kahawa ilikuwa chungu kama kawaida yake, na maneno mengi kuliko vikombe. Thabit alikaa pembeni, karatasi kaikunja ndani ya kofia. Bintiye Tamima, wa miaka kumi na sita, ana maradhi ya sukari. Anajidunga insulini tangu yuko darasa la pili. Wiki mbili nyuma alipigwa picha za ndani ya macho hospitali ya Wete, na kompyuta ikakadiria: hatari kubwa, macho yaweza kuharibika ndani ya miaka mitatu, arudi upesi. Thabit akamwambia mtoto picha zimetoka nzuri. Tangu hapo usingizi umemruka. Leo yalimshinda, akawasomea wenziwe.

— Miaka mitatu? aliruka Ngwali, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. — Yakhe, hiyo ramli! Kompyuta imeyajuaje ya kesho? Ukisadiki, dhambi hiyo.

— Si ramli, alisema Masika, aliyewahi kufagia zahanati miezi minne akabakiwa na jina la Daktari. — Imeona mishipa midogo nyuma ya jicho.

— Imeiona au imeiharibu? Taa yao ile kali ndiyo ilomnyonya nuru ntoto!

— Hapo umesema, Daktari akakubali haraka, asije akapitwa. — Tena picha zapelekwa Ulaya. Huko watafuta macho ya vijana, wawatie wazee wao.

— Basi usimpeleke, wee! alisema Nyange, birika mkononi. — Wakimwona mara ya pili watammaliza.

Thabit alijua ni upuuzi mtupu. Lakini aliupenda, maana kila uongo wao ulimpa siku moja zaidi ya kutokwenda Wete. Hakuiogopa mashine, aliogopa isije ikawa imesema kweli.

Mwalimu Khairiya, anayemsomesha Tamima, akatokea njiani, akasimama.

— Asalamu alaykum. Baba Tamima, nilikuwa naja kwako.

— Waalaykumu salamu, mwalimu. Kuna kheri?

— Tamima kaniomba dawati la mbele. Nimempa, na hapo mbele bado anasomewa na mwenziwe. Toka lini haoni ubao?

Redio akakitazama kikombe chake. Daktari akakohoa. Nyange akainamia makaa, akayapuliza, na makaa yenyewe yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Thabit akaivua kofia, karatasi ikamwangukia miguuni.

— Sijui, mwalimu, alisema. — Wallahi sijui. N'liogopa kumuuliza.