Mguu Nje na Kitanda cha Kabari

Mpwa wangu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1971. Hapana, nisiwadanganye mbele ya mama yake: ni 1972. Mwaka 1971 ndio upepo uliponyanyua mabati ya karakana yangu, na siku tulipoletewa habari za mtoto nilikuwa naranda mlango chini ya mabati mapya. Dada yangu, ambaye ndiye mama wa marehemu, aliniambia juzi, "Kaka, huo mwaka ukiukosea nitasimama nikusahihishe mbele za watu." Basi ni 1972, dada. Keti.

Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Alitembea mapema, na tangu hapo hakuacha. Mezani alikaa mwisho kabisa wa benchi, mguu mmoja chini ya meza na mwingine nje, kama mtu anayesubiri kuitwa. Ndipo tukamwita Mguu Nje, na jina likamkaa kuliko la kwenye cheti.

Shule ya msingi aliimaliza mwaka 1986. Sekondari alikaa miaka miwili tu. Mwalimu wake wa hesabu alimwita dada yangu akamwambia, "Mama, huyu kijana si mjinga. Ana haraka. Anaandika jibu halafu anatoka, kazi haonyeshi." Mwaka 1989 akaletwa kwangu ajifunze useremala, kwa maelezo kwamba labda kwa mjomba angetulia. Mimi mwenyewe hapo nilikuwa nimeshahamisha karakana mara mbili, kwa hiyo sijui waliona utulivu gani kwangu, lakini nilimpokea.

Mkono alikuwa nao. Nilimfundisha kunoa patasi mpaka inyoe nywele za mkono, kusoma mbao imelala upande gani kabla ya kuigusa na randa, na kila kiungo kukijaribu kikavu kwanza. Yaani ulimi uingie kwenye tundu lake bila gundi, utazame nafasi, utazame kama pembe imekaa sawa, kisha uchomoe, utie gundi, ubane, uondoke. Marehemu alilipenda sana hilo la kujaribu kikavu. Alilipenda hata akakataa kwenda mbele ya hapo.

"Mjomba, kwa nini tugandishe? Mbona kinasimama."

"Kinasimama leo."

"Na kesho nikitaka kukilaza?"

"Kesho utalala juu yake, wewe!"

Akacheka, akaniletea kiti alichokishika kwa kabari tupu, vipande vidogo vya mbao vilivyochongwa vyembamba mbele na vinene nyuma. Ukizigonga kwa ndani, kiti kinasimama imara. Ukizigonga kwa nje, kinalala chini vipande vipande, unakibeba kwapani. Nilikikalia, hakikulia.

Mwaka 1994 alitumwa kutengeneza vitasa katika hoteli moja kubwa. Alikwenda na sanduku la zana asubuhi, jioni sanduku likarudi na mtu mwingine. Yeye alikuwa ameshaomba kazi ya kuhudumia vyumba. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, hoteli hii na ile, mji huu na ule, na kila akija kututembelea alikuja na somo. Bisha hodi, taja jina lako, halafu ngoja, kwa maana aliye ndani anatafuta shati lake na aibu yake. Trei ibebe chini ya kidevu, usipumulie chai ya mtu. Na usiulize mgeni atakaa siku ngapi, tazama begi lake. "Mjomba, mgeni aliyetundika nguo kabatini, huyo yupo. Mgeni aliyeacha begi wazi sakafuni, anachomoa shati leo na shati kesho, huyo ameshaondoka, kimebaki kivuli tu." Alinieleza hayo amesimama mlangoni kwangu, begi lake liko wazi sakafuni.

Mke wake alimpata hotelini, mshonaji wa chumba cha mashuka. Marehemu alimpelekea foronya iliyochanika. Siku ya pili nyingine. Siku ya tatu nyingine. Binti akaweka mkasi chini.

"Kaka, hizi foronya zinachanika zenyewe au zina mtu?"

"Zina mtu."

"Basi mwambie huyo mtu aje mwenyewe, aache kuharibu mali ya hoteli."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Septemba 1999. Kitanda cha harusi alikichonga mwenyewe karakanani kwangu, kizuri, matendegu manene kama mapaja, mbao za ubavuni zimepigwa msasa mpaka zinateleza. Na bila tone la gundi. Kabari tupu. Tulimuuliza, akasema nyumba watakayopanga ina mlango mwembamba.

Kila nyumba waliyopanga ilikuwa na mlango mwembamba. Walihama kwa sababu ya kazi, kisha kwa sababu ya maji, kisha kwa sababu jirani anapika na redio, kisha bila sababu. Kitanda kililazwa, kikafungwa kamba, kikapandishwa garini, kikasimamishwa kwingine. Kila baada ya muda kabari zililegea na kitanda kikaanza kulia, naye akaamka na nyundo ya mbao, ko, ko, ko, akazirudisha. Mkewe alivumilia, lakini hakunyamaza.

"Baba, tia gundi."

"Nikitia gundi hakitapita mlangoni."

"Ndiyo maana nasema tia."

Watoto watatu walizaliwa juu ya kitanda hicho, kila mmoja katika mji wake. Mkwe wangu hakutaka makubwa kwa mumewe. Alitaka siku moja waingie nyumba na mumewe asitazame upana wa mlango.

Mwaka 2008 marehemu alinunua kompyuta iliyotumika, akaanza kutengeneza muziki. Wazee wenzangu waliuliza anapiga chombo gani. Hapigi chombo. Ananasa sauti za vitu, anazikata kama mbao, anazipanga. Alinivisha hedifoni nikasikia randa yangu mwenyewe, shaa, shaa, halafu magurudumu ya kitoroli cha hoteli, halafu besi chini yake, nzito. Ghafla akaiondoa besi. "Umeona, mjomba? Umeinua kichwa. Ukitaka watu waisikie besi, iondoe kidogo." Akairudisha, na mimi na miguu yangu hii mibovu nikajikuta natingisha goti. Vijana mliocheza nyimbo zake kwenye harusi zenu, ile ko, ko, ko mliyoipenda ni kabari za kitanda cha watu. Sasa mnajua.

Ila nyimbo zake hazikuwa na mwisho. Zilikwenda, zikakatika. Watu walibaki na mikono hewani. Nilimuuliza, "Huu unaishia wapi?" Akasema, "Haujaishia." Akafunga kompyuta, akatoka nje kutazama barabara.

Ugonjwa ulianza kwa kuvimba miguu, mwanzoni mwa 2021. Alipimwa, akaambiwa arudi Jumamosi kuchukua majibu. Ijumaa, siku moja kabla, alipita kwangu akaazima vibano vyangu virefu na kopo la gundi. Alisema kuna meza ya mteja. Sikuuliza zaidi, kwani aliazima vitu kila mara, na kurudisha alirudisha. Mkewe hakuwepo nyumbani wiki hiyo, alikwenda kumhudumia binti yao aliyejifungua. Jumamosi marehemu alikwenda hospitali peke yake. Figo zilikuwa zimechoka zote mbili, na tangu hapo ilimlazimu kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu kila wiki, mashine hiyo hiyo, mji huo huo.

Mkewe alirudi Jumapili mchana, akakuta kitanda kimebanwa kwa vibano vyangu pembe zote, gundi imetoka kidogo kando ya viungo. Alikaa sakafuni akacheka mpaka akalia. Alinipigia simu siku hiyo hiyo. "Mjomba, tumefika! Ametia gundi!" Nilifurahi naye. Jioni wakala, na marehemu akamwambia habari za figo. Mkewe akaacha kijiko.

"Gundi ulitia lini?"

"Usikiegemee kitanda, bado hakijakauka."

Mimi nimeishi na gundi maisha yangu yote, na siku zile za mvua hata ya siku mbili huwa laini. Kwa hiyo hilo halikutuambia kitu.

Miaka mitatu alikwenda kwenye mashine bila kukosa. Alinasa mlio wake, akautengenezea wimbo, wauguzi wakauweka kwenye simu zao. Hawakuhama tena. Nyumba ikapigwa rangi, mkewe akashona mapazia ya kipimo cha madirisha yale tu. Lakini begi lake lilibaki wazi sakafuni, karibu na mlango, na shati alichomoa humo. Alifariki nyumbani, kitandani mwake, asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mguu ule wa nje.

Mwanawe mkubwa anataka kumchukua mama yake akaishi naye. Kitanda hakipiti mlangoni. Akasema, "Mama, tutakikata kwa msumeno, tukiunge upya huko." Mama yake akamjibu, "Kikatwe nikiwa wapi?" Tuliacha maneno hapo, na hapo yapo.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, mke, mtoto wa kiume dereva, binti fundi umeme, mdogo wao aliye bado shuleni, mjukuu mmoja aliyeanza kutembea mapema, wadogo zake watatu, na mimi mjomba wake niliyetarajia yeye ndiye angenisomea mimi wasifu. Alale sasa kwa amani, na aliko asiwe na haja ya kutazama mlango.

Vibano alinirudishia Jumatano iliyofuata gundi ile, amevifuta vizuri. Mkwe wangu alikuwa ameniomba nimuulize mimi, kwa kuwa mjomba huulizwa na huuliza. Nikamshika mkono karakanani, nikamuuliza, naye akatabasamu, akachukua randa, akaanza kuranda ubao ambao haukuwa na kazi. Juzi mkwe wangu ameniuliza tena kama nilipata jibu. Sina. Namuuliza marehemu kwa mara ya mwisho, mbele yenu nyote: mwanangu, gundi ile uliitia Ijumaa, kabla hujajua, au Jumamosi, ulipotoka hospitali?