Ile Chupa Isiyopaswa Kuguswa

Katika familia yetu husemwa kwamba binamu yangu Kavata aliacha shule kwa sababu alidanganya kwenye maonyesho ya sayansi. Hakudanganya. Nilikuwepo Nuu, Agosti 1988, kwenye benchi iliyokuwa mbele ya duka la Mahamud, na ninaandika yaliyosemwa. Benchi yenyewe ilikuwa ubao wa nyuma wa lori lililokufa. Upande wa mlango alikaa Kilonzo, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kuwashika mbuzi siku ya chanjo. Katikati alikuwa Musyoka, jina lake Redio, maana hakuna aliyejua anazimwa wapi. Mwishoni, karibu nami, alikuwa mjomba wangu Muthama, baba yake Kavata. Asubuhi hiyo alikuwa amembebea binti yake sanduku hadi kwenye basi, aende kwa shangazi yake Mtito Andei, akawauzie chakula madereva wa malori. Hakuna aliyetaka kulitaja basi hilo. Wakataja fukusi, wale wadudu wanaotoboa ndengu ghalani.

— Zile ndengu za Kavata, hata mimi zimenishinda, akaanza Kilonzo. Chupa tatu. Moja iko na majivu, moja iko na majani ya mwarobaini, moja iko hivyo tu. Mtoto anasema atawaonyesha majaji vile dawa inapigana na mdudu. Anafunua, zote tatu safi.

— Majaji wakasema amebadilisha ndengu, akasema Musyoka.

— Mbele ya wale wasichana wa kidato cha kwanza, akasema Mahamud akimimina kahawa. Binti yangu Timiro alikuwa hapo. Kavata ndiye alikuwa anawafundisha hiyo utafiti. Mwalimu alimwachia yote.

— Mimi nasema ni lile basi lililozipeleka kwenye maonyesho, Kilonzo akasema. Fukusi wa Nuu hajazoea basi. Barabara ya Mwingi vile iko, ng'ombe anafika bila kwato. Fukusi atafika na nini?

— Wakafa? akauliza Musyoka. Maiti iko wapi?

— Waliliwa na wenzao. Damu nzito kuliko maji.

— Hiyo methali imeingiaje hapa, Daktari?

— Imeingia na basi.

Musyoka akaweka kikombe chini.

— Si basi. Ni mwarobaini. Harufu ilitoka chupa hii ikaingia ile. Kemia haina mlango. Ndiyo wahenga wakasema kibaya chajitembeza. Fukusi wakajitembeza, wakaenda.

— Lakini ndengu zingekuwa na matundu, Redio, akasema Mahamud.

— Yaliziba.

— Matundu ya ndengu yakaziba?

— Wewe ukikatwa na panga huponi? Ndengu ni kitu hai. Panda uone.

— Basi ni majaji, Kilonzo akasema. Zile mbovu walikula.

— Watu wamevaa tai wakule ndengu mbichi na fukusi?

— Wewe nawe. Njaa ya themanini na nne ulikula nini?

Wakacheka, lakini si sana, maana mjomba hakucheka. Alikuwa hajagusa kahawa yake.

— Mahamud, akasema. Hiyo chupa ya hivyo tu. Ilikuwa ya nini?

— Ya kuliwa, Baba Kavata.

— Ya kuliwa na nani?

— Na fukusi. Timiro amenieleza mpaka nikachoka. Hiyo moja unaachia mdudu akule anavyotaka, ndiyo ujue hizo zingine zimesaidiwa na dawa. Bila hiyo huna kitu cha kulinganisha. Kavata aliwaambia wale wadogo, hii ndiyo kubwa kuliko zote, na kazi yetu ni kutoigusa. Kufunua ni mbele ya majaji tu.

Mjomba akasukuma kikombe chake kando.

— Likizo ya Aprili hizo chupa zilikuwa kwangu, akasema. Laboratori ya shule ilifungwa. Akaziweka chini ya kabati, zimezungushiwa karatasi nyeusi, akaenda kambi ya vijana wa kanisa.

— Ikawa nini?

— Pasta akaleta ushirika nyumbani kwangu. Na wazee wote wa kanisa. Nikaona fukusi wanatoka kwa kitambaa kilichofunika chupa moja, wanashuka sakafuni. Kwa Muthama. Watu waombe wakiangalia hiyo? Nikafungua. Zilizotobolewa nikamwagia kuku. Nikajaza ndengu zangu za ghala, zile nahifadhi na majivu, nikapepeta mpaka majivu yakaisha. Karatasi nikarudisha na mikunjo yake.

— Na hukumwambia?

— Nilidhani amesahau kuweka dawa. Sikutaka aaibike. Nilidhani nimemsaidia mtoto.

Kahawa ilikuwa imepoa mikononi mwetu. Musyoka akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

— Aliporudi akakwambia majaji wamesema nini, wewe ulimjibu aje?

— Nilimwambia akisema ukweli nitamsamehe.

— Na yeye?

— Akaomba nauli ya kwenda kwa shangazi.

Kilonzo akasafisha koo.

— Wahenga walisema, akaanza.

Tukangoja. Hakupata walichosema.

Pikapu ya mbuzi ikasimama ng'ambo ya barabara. Akateremka mwanamke aliyebeba kiondo, akakung'uta vumbi kwenye sketi, akaja moja kwa moja kwenye benchi. Mahamud akamtambua, akasimama: ni Mwalimu Ndila, wa kemia, kutoka shuleni kwa Kavata.

— Hamjambo wazee, akasema. Natafuta kwa Muthama.

— Ndiye huyu, akasema Mahamud.

— Shikamoo mzee. Nimemletea Kavata chupa. Ninaamini kuna kitu kiliharibika, lakini si yeye. Na wale wadogo wamekataa kuanza upya bila yeye.

Akafunua kiondo. Chupa tatu za kioo, zimeoshwa, hazina kitu.

— Yuko nyumbani?

Kilonzo akaangalia barabara. Musyoka akaangalia kikombe chake. Mahamud akainua birika amkaribishe mgeni, likatoa machicha tu. Mjomba akanyoosha mkono kuipokea chupa ya kwanza, ukafika karibu kabisa na kioo, kisha akaurudisha mapajani bila kuigusa.