Kisu Nyuma ya Mlango wa Bi Hadia

Ketini karibu, wanangu, na anayetaka kulia akalie uani kwanza ndipo arudi, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea, si ya kubembelezea watu. Khatib, keti huku kuliani, wewe ndiye mkubwa na wewe ndiye nitakayekutwika mzigo. Asmaa, niinulie mto kidogo. Daktari amesema moyo umechoka, nami simbishii, lakini moyo huu ulikuwa ukienda vizuri mpaka Jumatatu asubuhi, nilipofungua simu na kikombe cha chai mkononi nikaona nilichokiona, na tangu saa ile miguu imekataa kunibeba. Nina miaka themanini na mbili. Nimezika wazazi, nimemzika mama yenu, nikadhani hakuna tena katika nti hii kitu cha kunishtua.

Mwalijua kundi letu la watsapu, lile mlilokuwa mkinichekea, aliloanzisha Bwana Mugambi, mwalimu wa Mokowe, la watu wapendao visu vya mfukoni, visu vya kale vya kukunja, vya kazi za kila siku na si vya kutishana. Kila asubuhi Mugambi huuliza, "Wazee, leo mfuko uko na nini?" na kila mmoja hupiga picha kisu alichotia mfukoni siku ile, akasimulia alikipata wapi na anakitumia kwa nini. Bi Cherono, muuguzi, ana kijisu cha babu yake chenye mpini wa pembe, hukatia bandeji. Wafula wa Kililana ana chake cha kubebeshea, yaani kuunganishia, miche ya michungwa, amekinoa hata bapa limekonda. Mimi ninavyo kumi na kimoja kashani, nikiwatolea kimoja kimoja kwa zamu, wao wakinisifu nami nikijiona kijana. Nasema kweli, hawa watu wa bara wamenifariji kuliko majirani zangu wengine, kwa kuwa apendaye chombo hukujua kwa namna unavyokitunza, hakuulizi ukoo wako.

Basi Jumatatu Zaki, yule mwashi anayetengeneza nyumba ya marehemu Bi Hadia kule Mkomani, naye akatia picha yake. "Wazee cheki, nimetoa fremu ya mlango imeliwa na mchwa, nikapata hii nyuma yake ndani ya chokaa. Na bado inakata." Kiganja chake kimejaa vumbi jeupe, na juu ya kiganja kisu cha kukunja, mpini wa mpingo, misumari mitatu ya shaba, na kwenye ncha ya mpini mikato miwili niliyoichonga mwenyewe siku babangu aliponipa. Kilifuliwa Siyu na mhunzi aliyekufa kabla Khatib hajazaliwa, na hakuna cha pili. Watu wakaanza kumwaga vidole gumba na mioyo, Mugambi akaandika kwamba hiyo ni hazina, na mimi kikombe kikaniponyoka. Wewe Asmaa ukaja mbio ukidhani nimeungua.

Kisu kile ndicho nilichomwitia Wazir mwivi. Khatib wajua nusu ya habari hii, na Asmaa hujui kitu, ulikuwa mtoto, kwa hiyo nisikilizeni na msinikate.

Wazir na mimi tulikuwa mafundi wa milango, karakana moja, sinia moja. Kabla ya simu hizi sisi nasi tulikuwa na kundi letu, watu wanne, baada ya alasiri tukikutana barazani pangu, kila mtu akitoa kisu chake. Tulikuwa na adabu zetu: kisu hakitiwi mkononi mwa mtu, huwekwa chini kikiwa kimekunjwa, mwenzio akakiokota, akakifungua, akakitazama makali, na hakirudishi mpaka aseme neno la kukisifu. Wazir akikipenda kile changu kupita vyote. Kila siku akikiokota, akikigeuzageuza, na kila siku akitafuta neno jipya la kukisifu, tukicheka.

Siku ile, na ni miaka thelathini na mmoja sasa, tulikuwa tunatia mlango wa Bi Hadia. Asubuhi Wazir alikiazima kisu kumenyea chungwa. Mchana fremu ikakataa kusimama timazi, pembeni kuna uwazi wa kidole, na kabari zimetuishia, na adhana ya adhuhuri inaita. Nikakitoa kisu changu, nikakikunja, nikakipenyeza kwenye ule uwazi, fremu ikanyooka, nikasema nitakitoa nikirudi niweke kabari ya mti. Niliporudi msikitini mwashi wa siku zile amekwisha siriba chokaa, mlango umependeza, Bi Hadia ametuletea haluwa na kahawa, na watu wananipongeza. Sikukumbuka. Haya yote yamenirejea Jumatatu kwa mara moja, hata harufu ya ile chokaa mbichi, na tangu hapo najiuliza kama kweli nilisahau, au nilikataa kukumbuka.

Maana Wazir aliniambia. Hilo ndilo linalonitafuna, wanangu. Kesho yake nilipokuwa nikipekua karakana nzima, alinijia taratibu akasema, "Lali, kisu nalikuregeshea kabla ya adhana, nawe ukakitia nyuma ya fremu. Haya ndoo, twende tukabandue chokaa kidogo pembeni, nitaisiriba mimi mwenyewe, mwenye nyumba hatajua." Na mimi, fundi wa watu, niliyekuwa nikiwapiga makonde wanagenzi kwa kutumia chombo badala ya kabari, nikaona haya. Nibandue kazi mpya niliyosifiwa yana, siku moja tu nyuma, mbele za watu? Nikamjibu, "Wewe ndiye wa kunifundisha mimi kutia mlango? Wa mwisho kukishika ni wewe." Jioni yake, barazani, mbele ya watu saba, nikasema kikulacho ki nguoni mwako, nikamtaja kwa jina lake.

Angeapa tu yangeisha, alikuwa tayari kuapa, mimi ndimi niliyekataa kiapo chake. Nikaenda kuisomesha halbadiri, dua ya kumwapiza mwivi. Mama yenu alinishika kanzu mlangoni akaniambia, "Mume wangu, hiyo si dua ya kusomewa kisu, na ikimkosa mwivi humrudia mwenyewe." Nikamwambia akae jikoni. Hazikupita siku arubaini, Wazir akakanyaga msumari huko Shela alikokwenda kutafuta kazi, pepopunda ikamkamata, siku kumi na mbili akawa si wetu. Sisemi ni dua iliyomuua. Msumari ulikuwa na kutu, na Mola ndiye ajuaye. Lakini mui mzima ulisema imemshika, na mimi niliitikia kwa kitwa, nikaona nimeshinda.

Jeneza lake lilisindikizwa na watu tisa. Sikwenda. Alikuwa ameniletea salamu akiwa hajafa, kwamba nikamtazame, nikasema nina kazi. Na binti yake Saadiya, aliyekuwa amekwisha kuposwa na Khatib, mahari yamekubaliwa na siku imetajwa, nikaivunja posa ile kwa maneno ya njiani, sikuwapa hata heshima ya kuwatumia mtu mzima. Khatib, ulilia siku tatu, nami nikakwambia mwanamume halii kwa ajili ya binti wa mwivi. Saadiya hakuposwa tena. Nani angeposa pale? Yuko Shela mpaka yeo, anapika katika nyumba ya wageni, nywele zimeingia mvi, na mamake alikufa akifungiwa milango ya harusini.

Yana Saadiya alikuja. Nilimtuma Zaki amwite, na Zaki akanipa kile kisu. Akaingia, akaketi pale unapoketi wewe Asmaa, nikamsimulia kama ninavyowasimulia, ila nikaliruka lile la kuambiwa na babake. Alikitazama kisu, hakukigusa. Akauliza neno moja, "Ami, baba hakukwambia ukatazame pale?" Nikasema aliniambia. Nikaona mato yake yamebadilika. Kisu kupotea angeweza kukivumilia, hilo la kuambiwa nikakataa ndilo lililomchoma. Nikamwomba radhi. Akainuka, akajifunga buibui lake, akasema, "Ulimwita mwivi barazani, hukunong'ona. Basi usiniombe radhi kitandani." Akaenda zake. Na ana haki, wallahi ana haki, kila neno lake ni haki.

Kwa hiyo hili ndilo ninalowausia, na mengine yote ni mepesi. Nilitaka nikasimame mwenyewe msikitini Ijumaa, lakini hamtaniona Ijumaa. Basi nitasimama kwa miguu yenu. Jeneza langu likishawekwa mbele ya safu, pale jamaa wa maiti husimama akawaomba watu wamsamehe marehemu, wewe Khatib usiwaombe watu wanisamehe mimi. Sema hivi: baba yangu, fundi Lali, alimzulia Wazir wivi, kisu alikitia mwenyewe nyuma ya mlango wa Bi Hadia, Wazir alimwonyesha kilipo, naye akakataa kutazama kwa kiburi. Sema yote matatu, usiruke la tatu. Sema kwa sauti, mpaka aliye nje viatuni asikie.

Nakuona umeinama. Yana usiku, nilipokudokezea wosia huu, uliniambia, "Baba, mambo ya kale tuyaache yalale, mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na binti yangu Ruba anaolewa mwezi ujao, wakwe wakisikia watasemaje?" Sasa nakujibu. Waogopa Ruba asivunjiwe posa kwa kosa la babu yake. Mwanangu, Saadiya alivunjiwa posa na babake hakuwa na kosa, na aliyekuwa akimuoa ni wewe. Nenda wewe kwa wakwe kabla sijafa, uwaambie mwenyewe. Wakiondoka, wameondoka kwa jambo la kweli, na Ruba atajua babake ni mtu wa namna gani. Mimi ningempa mjukuu wangu hilo kuliko sanduku la dhahabu.

Asmaa, simu yangu chukua wewe. Andika chini ya picha ile ya Zaki, mbele ya Mugambi na Cherono na wote, kwamba kisu wanachokisifu ni cha Lali, na kwamba kwa ajili yake mtu msafi alizikwa na watu tisa. Wakinitoa kundini, shukuru kwa niaba yangu. Na hata ukinionea huruma, usipunguze maneno. Ulimi hauna mfupa, lakini ulichovunja hakiungiki kwa kunong'ona.

Mali ni kidogo, isiwagombanishe. Nyumba na shamba la Kililana mgawane kama sharia isemavyo, mkamwite kadhi, msikae kupimiana kwa hatua. Vile visu kumi na kimoja gawieni watu wa kundi, kila mmoja kimoja, Wafula apewe kile kikubwa. Thuluthi yangu, ambayo sharia imeniachia nimpe asiyenirithi, ni karakana na vyombo vyake vyote, na hiyo ni ya Saadiya. Msimwambie ni fidia, jina la babake halina bei. Mwambieni nusu ilikuwa ya Wazir tangu hapo, na mimi nimeikalia. Akikataa, mfungieni ufunguo wa karakana kwenye kitambaa umngojee, wala msimwendee mara ya pili kumsihi. Na kisu chenyewe, kile, mpelekeeni pia. Akitaka kukitupa, akitupe.

Mimi mnizike upande aliko Wazir, ikiwa nafasi iko na Saadiya hakatazi. Akikataza, popote. Maji, Asmaa... Basi, yatosha.

Msidhani nawaambia haya ili nife nikiwa mzuri. Sifi nikiwa mzuri. Nilikuwa mtu wa kuheshimiwa katika mui huu miaka thelathini na mmoja, nikiamkiwa, nikipewa nafasi ya mbele, na watoto wa Wazir wakipita ukutani ukutani, na heshima ile yote ilikuwa yake. Kila nikilifikiria nashtuka upya, kila nikifumba mato naona ile chokaa. Mwalikula na mwivi, wanangu. Mwivi alikuwa mimi.

Sasa... imebaki dua. Mzazi hufunga maneno yake kwa kuwaombea wanawe, nami tangu alfajiri najaribu kuinua mikono. Haiinuki, na si udhaifu. Mara ya mwisho nilipoiinua kwa moyo wangu wote, nilimwombea mtu asiye na kosa aangamie. Naogopa, Khatib. Sijui hii mikono ikiinuka juu yenu itawateremshia nini, na nyinyi ndio nilio nao.

Basi ombeni nyinyi, mimi nitaitikia. Anza na yeye, kisha Saadiya, kisha nduguyo na watoto wenu, na mimi mwisho, ikibaki nafasi. Mtaje kwa jina. Ulikuwa ukimwita ami... mwite hivyo hivyo.

Kwa sauti, mwanangu. Hapa ni sisi watatu tu, na waona haya... msikitini itakuwaje?

Tena. Jina lake sikulisikia.

Naam... Ami Wazir. Naam.

Amina.